Chumvi na Shingo

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anatufundisha juu ya viungo vingi vya mwili mmoja. Sisi tuishio Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, tutazame rovu. Huko milimani mvua huosha madini joto katika udongo. Tezi ya shingo ikiyakosa, hushindwa kutengeneza homoni yake. Ndipo tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ndogo kama njegere, huihimiza bila kukoma, nayo huvimba kwa kujitahidi. Shingo, basi, huvimba kwa utii! Na mama mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto yaweza kudhurika kabla hajazaliwa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya nchi yetu yataka chumvi itiwe madini hayo. Hata hivyo wapo wanaonong'ona kwamba mwenye rovu amerogwa, na kumwachia benchi zima kanisani. Makatekista, mwendeeni huyo. Mpelekeni kwa mganga wa zahanati, maana rovu lina sababu nyingine pia. Kisha Jumapili ijayo mketi naye.