Damu Yako na Saratani ya Puru
Wasikilizaji wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tunazungumzia saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana.

Kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu kinaweza kumdokezea daktari ugonjwa utakwendaje. Daktari huchukua idadi ya neutrofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mwili ukiwa na uvimbe, akaigawanya kwa idadi ya limfosaiti, chembe zinazopambana na saratani. Uwiano ukiwa mkubwa kabla ya matibabu, mara nyingi matokeo huwa mabaya zaidi.

Lakini huku kwetu, jamani, malaria, kifua kikuu na VVU navyo huzibadili chembe hizo. Namba hiyo peke yake haithibitishi saratani wala haimhukumu mgonjwa. Kinachothibitisha ni kinyama kilichokatwa na kupimwa kwa hadubini.

Kinachoniuma ni damu ya chooni kuitwa bawasiri, mtu akanywa mitishamba miezi na miezi. Ukiiona, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya Litembo, ya Peramiho au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikithibitika ni saratani, matibabu ya mionzi yanaweza kukupeleka hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na safari hiyo ni heri uianze ungali na nguvu.