Ardhi Ikididimia, Nani Athibitishe?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Daa, Karatu



Nimeombwa niseme juu ya haki ya mtu ambaye nyumba au shamba lake limeharibika kwa sababu ardhi imechimbwa chini yake au kando yake. Pengine mtu atauliza, hapa Daa kuna mgodi gani? Mgodi wa mkaa wa mawe hatuna. Lakini miezi michache iliyopita mama mmoja alinishika mkono baada ya ibada, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ukuta ulikuwa na ufa ambao kiganja changu kilipita. Hatua chache chini yake palikuwa pamechimbwa moramu. Aliyechimba alikwisha kumjibu kwamba nyumba yenyewe haikuwa na msingi wa maana. Mama yule hakuwa na picha, wala barua, wala shahidi aliyeukumbuka ukuta ule ukiwa mzima. Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu.

Wairaqw wa zamani walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, zenye paa la udongo, ili adui asizione kwa urahisi. Waliolala humo walijua fika kwamba paa la udongo husimama kwa nguzo. Mgodi wa chini ya ardhi hauna siri nyingine. Mkaa wa mawe unapoondolewa, mwamba wa juu hukosa pa kuegemea, hupinda, na uso wa nchi hutitia kama godoro. Eneo linalotitia huwa pana kuliko lile lililochimbwa, hivyo aliye nje ya mpaka wa mgodi naye aweza kupasukiwa ukuta. Na pale ambapo wachimbaji wameacha nguzo za mkaa kushikilia paa, nguzo hizo zaweza kuvunjika baada ya makumi ya miaka, wakati mwenye mgodi amekwisha kuondoka. Hapa nchini mkaa wa mawe umechimbwa kwa njia ya chini ya ardhi huko Kiwira, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1988.

Magomvi ya namna hii ni ya zamani. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kampuni moja ya mkaa iliuza uso wa ardhi mwaka 1878, lakini katika hati ikajibakizia mkaa wote uliokuwa chini, na mnunuzi akakubali kutodai lolote kama nyumba itadidimia. Mwaka 1921 jimbo lilitunga sheria ya kukataza uchimbaji wa kuangusha nyumba za watu. Familia iliyokuwa ikiishi juu ya mkaa ule ikaitegemea sheria hiyo, na mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ikaipa kampuni ushindi. Iliwachukua watu wa huko hadi mwaka 1987 kuiona mahakama hiyohiyo ikiikubali sheria nyingine ya kulinda nyumba, tena kwa kura 5 dhidi ya 4. Wazazi wangu, tazameni jinsi sahihi ya mtu mmoja ilivyowafuata waliokuja baadaye. Karatasi usiyoielewa usiitie dole gumba, hata kama mletaji amekuja na soda.

Wajerumani waliliona jambo lingine, nalo kwangu ni zito zaidi. Mnyonge hana vipimo. Ramani za mashimo zimo kabatini mwa mwenye mgodi. Kwa hiyo sheria yao ya madini ya mwaka 1980 inasema kwamba madhara yakitokea katika eneo linaloguswa na mgodi wa chini ya ardhi, nayo yakafanana na madhara ya mgodi, basi hudhaniwa yametokana na mgodi, hadi mwenye mgodi atakapoonyesha sababu nyingine. Kwetu Sheria ya Ushahidi inashika kanuni ya kawaida: anayedai ndiye athibitishe. Ndiyo maana ubishi kama ule wa wakazi wa Katoma na Nyamalembo mjini Geita, waliolalamikia nyufa walizosema zilitokana na milipuko ya mgodi wa dhahabu, huchukua miaka mingi. Mimi naona kanuni ya Wajerumani ni ya haki zaidi, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wabunge wetu.

Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Madini ni mali ya umma, lakini leseni ya kuchimba haimfuti mwenye shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatambua fidia kwa anayeharibiwa mazao, miti au jengo. Mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Baraza la Kata, tangu mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Hukumu hutafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Malalamiko juu ya mwenye leseni yapelekwe pia ofisi ya madini, kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani.

Lakini baraza litauliza ushahidi. Kwa hiyo kila jumuiya yenye machimbo jirani iwe na daftari. Nyumba zipigwe picha kabla uchimbaji haujaanza, pamoja na visima na kingo za makorongo, na majirani wawili watie sahihi na tarehe. Msingi hafifu usifichwe. Ukifichwa, siku ya shauri utawaumbua.

Kwa yule mama tumechelewa kupata picha ya kwanza. Juzi mimi na katekista tulipiga mstari wa kalamu mahali ufa unapoishia, tukaandika tarehe ukutani. Tutarudi kupima baada ya mvua.