Mtoto Hatulii Darasani: Tumpime Nini Kwanza?

Mvua ya Tukuyu, wilayani Rungwe, ikipiga bati, mwanafunzi wa dawati la nyuma hamsikii mwalimu. Anageuka, anachungulia daftari la jirani, anamchokoza. Jioni mzazi anaambiwa: mtoto hatulii.

Tatizo la umakini lipo kweli, na kumchapa mwenye nalo ni ukatili. Lakini kabla ya kumbandika jina hilo, apimwe masikio na macho. Analala saa ngapi? Aliwahi kuugua malaria kali au degedege? Dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita, shuleni na nyumbani pia, si kwa mwalimu mmoja tu.

Umri nao hudanganya. Utafiti wa British Columbia, Kanada, uliotolewa mwaka 2012, uliwakuta wavulana waliozaliwa Desemba, wadogo kuliko wenzao darasani, wakiambiwa wana tatizo hili la umakini kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Utoto ulihesabiwa ugonjwa!

Dawa ya methilifenideti huwasaidia baadhi ya watoto wenye tatizo hili, ila hupunguza hamu ya kula na usingizi. Mwaka 2019 na 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Mzazi wa Rungwe ambaye mtoto wake ameandikiwa dawa hii amuulize daktari: nani atafuatilia uzito na mapigo ya moyo ya mwanangu, na lini tutaipitia upya?