Mlio wa Injini na Hitilafu za Kabureta: Uchunguzi wa Land Rover za Zamani katika Mazingira ya Garsen, Tana River

Mada hii inachunguza namna ya kutambua chanzo cha mlio usio wa kawaida katika injini ya petroli ya gari la zamani, na mfano wake ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985 na ambayo nchini Kenya iliunganishwa mjini Thika na kampuni ya Leyland Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba mlio wa injini na hali ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda, sharti vichunguzwe pamoja, kwa sababu fundi anayevitenga huweza kuifungua injini nzima na kubadilisha beringi zisizo na kasoro, ilhali tatizo liko kwenye jeti moja.

Garsen imo katika nyanda za chini za Mto Tana, mita chache tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi na kabureta ya kawaida haina njia ya kujirekebisha, fundi wa bara huweza kufunga jeti ndogo, yaani kitundu cha shaba kinachopima petroli, na kuisogeza mbele timingi, ambayo ni wakati wa plagi kutoa cheche, ili gari lisikose nguvu. Gari hilo likiteremshwa hadi Garsen bila kurekebishwa hukutana na hewa nzito, petroli ikawa haba, cheche ikaja mapema mno, na gesi ambayo bado haijafikiwa na moto ikalipuka yenyewe ndani ya silinda. Ni kweli kwamba joto la Tana River huipunguzia hewa uzito kidogo, lakini joto hilo hilo huichochea gesi kulipuka, kwa hiyo nafuu inayopatikana haitoshi. Injini zenye mgandamizo wa 8 kwa 1 huathirika zaidi kuliko zile za 7 kwa 1, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa, uovu ambao serikali ilijaribu kuuzuia mwaka 2018 kwa kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo, huzidisha madhara.

Mlipuko huo hutoa mlio mkali kama wa kokoto zinazotikiswa mkebeni, husikika gari linapovuta mzigo kwa mwendo mdogo likiwa kwenye gia ya juu, na hukoma mara dereva anapolegeza mguu. Beringi ya konrodi, yaani ya mkono unaounganisha pistoni na krenki, hugonga kwa uzito, huzidi injini inapopata moto na oili kuwa nyepesi, na hupungua waya wa plagi ya silinda husika unapochomolewa, kwa kuwa pistoni ya silinda hiyo haisukumwi tena na moto. Tapeti, yaani sehemu zinazosukuma vali, hulia kwa wepesi, kwa nusu ya kasi ya krenki, wala hazijali plagi ipi imekatwa. Pistoni iliyolegea hulia asubuhi kisha hunyamaza, na gasketi ya ekzosi inayovuja hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana hudhaniwa kuwa tapeti. Jaribio lenye thamani kubwa kuliko yote, na lisilohitaji chombo chochote, ni kuvuta choki kidogo injini ikiwa moto: choki hupunguza hewa, hivyo injini iliyokuwa ikitema kupitia kabureta ikitulia, uhaba wa petroli umethibitika.

Kabureta ya Zenith 36 IV, inayopatikana kwenye nyingi ya injini hizi za sentimita za ujazo 2,286, ina udhaifu wake. Nyuso zinazokutana za mwili na kifuniko hupinda, pete ya mpira iliyo kati yake huchakaa, na injini hukataa kutulia gari likiwa limesimama hata skrubu zikigeuzwa namna gani. Dawa ni kuzisawazisha nyuso hizo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo na kuweka pete mpya. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa na kuzidisha petroli, jambo linaloonekana kwa masizi meusi kwenye plagi, na maji yanayoingia pamoja na petroli ya madumu hukaa chini ya kikombe cha pampu. Jeti iliyoziba hupulizwa kwa hewa. Kuichokoa kwa waya hupanua tundu lake na kuharibu kipimo kabisa.

Hata ukimya huhitaji kuchunguzwa. Tangu Kenya ilipoacha petroli yenye risasi, kufikia Januari 2006, viti laini vya vali za ekzosi katika injini za kale vimekosa kinga, na kiti kinapoliwa, vali huzama na kuumaliza mwanya wa tapeti, ambao katika injini hii hutakiwa kuwa milimita 0.25. Tapeti hunyamaza, dereva hufurahi, na vali isiyofunga sawasawa huanza kuungua. Mwanya unaojibana tena muda mfupi baada ya kurekebishwa unataka silinda hedi ivuliwe na kutiwa viti vya chuma kigumu.