Ukifika Kliniki, Taja na Kazi Yako

Wasikilizaji wa Macalder, Mikei na Osiri, nanyi wa Karungu na Muhuru Bay kule ziwani, maoni ya leo yanahusu ugonjwa wa akili, ambao hapa kwetu tunautambua tukiwa tumekwisha kuchelewa.

Mtu akivua nguo sokoni, akitembea barabarani akijibizana na sauti ambazo sisi hatuzisikii, kila mmoja wetu anajua ni mgonjwa. Tunatafuta kamba. Kisha tunatafuta mganga au mchungaji, na hospitali huja mwisho, pesa zikiwa zimeisha. Watu hao wanahitaji matibabu, na dawa zao zipo. Lakini ni wachache. Wagonjwa walio wengi wako kazini saa hii. Ni mchimbaji asiyelala tangu mwenzake afukiwe shimoni. Akifumba macho tu, anasikia mawe yakiporomoka. Ni mama muuza samaki ambaye moyo humwenda mbio ghafla, jasho likamtoka, akadhani ni presha, na presha ikipimwa iko sawa. Ni kijana aliyeacha mpira, akaacha kwaya, na ukimuuliza anasema amechoka tu.

Hawa wakifika zahanati hawasemi wana majonzi. Wanasema kichwa kinauma, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu. Wanapimwa malaria, wanapewa vidonge vya maumivu, wanarudi nyumbani na ugonjwa wao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya mwaka 2011, ilitaja makadirio kwamba hadi robo ya wagonjwa wanaokwenda hospitalini na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo wana tatizo la afya ya akili. Hesabu benchi la zahanati yako kwa kipimo hicho.

Magonjwa yenyewe yana majina. Unyogovu ni huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kunakodumu wiki 2 au zaidi karibu kila siku, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kukosa ladha, kujilaumu na kukosa tumaini. Kuna hofu iliyopita kiasi, ile ya mama wa samaki. Kuna kiwewe, kile cha mchimbaji aliyeona kifo. Na kuna ulevi, ambao hapa machimboni mara nyingi huanza kama dawa ya usingizi. Chang'aa humlaza mtu saa chache tu, kisha humwamsha usiku wa manane na mawazo mazito kuliko ya jioni. Nawaomba akina mama wanaowalaumu waume zao kwa chupa waulize pia ni kitu gani kilitangulia chupa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikaa rohoni, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko watu wa Nairobi. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu tangu zama za ukoloni, ulifungwa mwaka 1966. Kampuni ikaondoka, dhahabu ikabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, na pamoja nayo ikaja zebaki. Mnaijua kazi hiyo kuliko mimi: mchanga uliosagwa unachanganywa na zebaki kwenye karai, donge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa moto hadi dhahabu ibaki. Zebaki haipotei pale. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya mvuke huo ukivutwa, takriban asilimia 80, huingia kwenye damu. Kutoka hapo huenda kwenye figo na kwenye ubongo.

Ikifika ubongoni, hufanya nini? Mikono hutetemeka. Usingizi hukatika. Mtu husahau, hukasirika kwa jambo dogo, huwa na aibu na woga asiokuwa nao zamani, hujitenga, huhuzunika. Ulaya karne za 18 na 19, waliotengeneza kofia kwa manyoya walitumia kemikali ya zebaki, na wengi waliishia na hali hiyo hiyo, watu wakawacheka kuwa ni vichaa. Huko Danbury, Marekani, mji uliojulikana kwa kofia, mtetemeko wa mafundi hao ulipewa hata jina la mji. Matumizi hayo yalikomeshwa nchini humo mwaka 1941. Leo mama wa hapa kwetu Nyatike anachoma donge jikoni, mtoto mgongoni.

Sisemi kila huzuni ya Macalder inatoka kwenye zebaki. Msiba ni msiba, deni ni deni, na virusi vya ukimwi vimeacha majonzi katika boma nyingi za Migori na Homa Bay. Ninachosema ni kwamba daktari asiyejua unachoma dhahabu hatakumbuka kuuliza. Kwa hiyo ukifika kliniki, taja mambo mawili hata kama hujaulizwa: unavyolala, na kazi unayofanya. Sema, "Daktari, usingizi umenitoka na mimi huchoma dhahabu." Na ukichoma, chomea nje, mbali na watoto na wajawazito, ukitumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke ili zebaki itumike tena. Mwili hujisafisha polepole, kwa wiki na miezi, lakini ni pale tu unapoacha kuuongezea.

Wengine mtaniambia, madaktari wa akili wako wapi huku kwetu? Kweli, hospitali ya akili ya Mathari iko Nairobi. Lakini ng'ambo ya ziwa letu hili, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, palifanyika jambo linalostahili kuigwa. Katika vijiji 30 vilivyoumizwa na ukimwi, watu wa kawaida waliomaliza sekondari walifunzwa wiki 2, kisha wakaongoza vikundi vya wenye unyogovu, mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyobadilika ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliohudhuria, waliokuwa na unyogovu mkubwa walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwa wasiohudumiwa, walitoka asilimia 94 hadi 54.7. Hapakuwa na kidonge chochote katika mpango ule. Sisi tuna vyama vya akina mama, tuna vikundi vya wachimbaji, tuna wahudumu wa afya wa jamii wanaopita mlango hadi mlango. Kaunti ikiwafunza hawa, hatutasubiri basi la Nairobi. Mheshimiwa diwani wa wadi, kikao cha bajeti kikija tutakuuliza mafunzo hayo yametengewa shilingi ngapi.

Vidonge navyo vipo, kwa wanaovihitaji. Vya unyogovu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo usivitupe siku ya tano ukisema havifai.

Nimalizie na la haraka kuliko yote. Mtu akikwambia amechoka kuishi, usimkemee wala usimhubirie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo jipya. Usimwache peke yake. Ondoa kemikali na dawa za shamba mahali alipo, kisha mpeleke hospitali. Wala usihofie polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Ukifika pale mapokezi, sema wazi kilichowaleta, ili ahudumiwe mara moja.