Gari Likila Petroli, Asiulizwe Dereva Peke Yake
(Hotuba kwa mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya gari la kupeleka mizigo, lile litokalo kwenye bohari ya stesheni na kuzunguka madukani. Huenda mwingine akauliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na gari? Shauri lipo. Mzigo hushuka kwenye behewa, lakini haumfikii mwenyewe mpaka gari liuchukue. Nao wanaoliendesha na kulipakia ni wanachama wenzetu.

Jambo lenyewe ni hili. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Bei ikipanda, tajiri hutazama hesabu yake, na mtu wa kwanza kuitwa ofisini ni dereva. Huambiwa, "Umeuza petroli." Naye hana la kujibu ila kuapa. Ndugu, kiapo si hesabu. Yafaa tuwe na hesabu.

Kwanza ni daftari. Ikae ndani ya gari siku zote. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, mwandike kilomita za gari. Fanyeni kazi, kisha jazeni tena kwenye pampu ile ile, mwandike lita zilizoingia na kilomita mpya. Kama gari limekwenda kilomita 380 na zimeingia lita 40, gaweni 380 kwa 40: gari lakwenda kilomita 9 na nusu kwa lita moja. Hesabu ya mara moja haitoshi. Fanyeni mara 4 au 5. Andikeni pia uzito wa mzigo na njia. Gari lipandalo Limuru, juu ya mita 2,000, halilinganishwi na lile literemkalo Athi River.

Pili, tulitazame gari lenyewe. Sisi wa reli twajua kwa nini injini moja huvuta mabehewa mengi: gurudumu la chuma juu ya chuma hubingirika kwa urahisi. Gurudumu la mpira hubonyea, na likikosa upepo hubonyea zaidi, injini ikala mafuta kwa kulisukuma. Pimeni upepo asubuhi kabla magurudumu hayajapata moto, mfuate kipimo kilichobandikwa mlangoni. Kupiga teke si kupima.

Twajua pia behewa ambalo breki zake zimeshika: injini hutaabika, na gurudumu hupata moto. Gari ni vivyo hivyo. Baada ya safari, pelekeni mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwa na moto kupita wenzake, aitwe makanika.

Na injini je? Katika gari la zamani lenye kabureta, chujio la hewa likiziba, petroli hupotea. Magari ya siku hizi yana kompyuta ipimayo petroli. Chujio chafu huondoa nguvu zaidi kuliko kuongeza mafuta. Ubaya mkubwa humo ni kile kifaa kipimacho moshi wa ekzosi. Kikiharibika, kompyuta hudanganyika na kumwaga petroli bure. Taa ya injini ikiwaka mbele ya dereva, isipuuzwe. Tena thamostati ikikwama wazi, injini haipati moto wake wa kawaida, nayo hula zaidi.

Tatu ni sisi wenyewe, na hapa tuseme kweli. Injini ikinguruma saa nzima huku tukingoja karani atie sahihi, yaweza kumaliza karibu lita moja, na kilomita haziongezeki hata moja. Kukanyaga kwa nguvu kisha kufunga breki ghafula ni kutupa petroli. Kutembea na vyuma na masanduku yasiyo na kazi ni vivyo hivyo. Wako wanaotoa gia mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Gari la kompyuta, ukiinua mguu likiwa katika gia, petroli hukatwa. Ukitoa gia, injini hutaka petroli ili isizime. Tena breki hubaki na kazi yote peke yake. Msifanye hivyo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, wala penginepo.

Wako pia wachache wafyonzao petroli kwa mpira usiku. Chama si mwavuli wa mwizi, na mtu huyo huwachafulia jina wenzake wote.

Lakini asiye mwizi lazima alindwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa hasara ya mali yake iliyoletwa na mfanya kazi kwa kusudi. Thamostati iliyokwama si kusudi la dereva. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, aelezwe kosa hilo kwa lugha aifahamuye, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, naye asikizwe.

Basi mkiona kilomita kwa lita zimeshuka, mwandikieni foromani siku hiyo hiyo, nakala mbili zenye tarehe. Moja aichukue, ya pili aitie sahihi ibaki kwenu. Siku mtakapoitwa ofisini, mjumbe wenu aiweke mezani pamoja na daftari, aulize: gari lilitengenezwa lini?

Bandu bandu huisha gogo. Twaomba tawi likubali leo kwamba kila gari liwe na daftari kabla ya mwezi kwisha, na mjumbe alikague kila juma.