Homa ya Papasi: Je, Yaweza Kufika Ubongoni?



Mara nyingi tunaulizwa iwapo homa ya papasi yaweza kudhuru ubongo na kuua. Yaweza. Vijidudu vyake, vilivyo na nasaba na vile vya ugonjwa wa Lyme wa Ulaya na Marekani, huenea katika damu na pengine hufika ubongoni, hata mgonjwa akapooza uso au akapoteza fahamu. Dakta Joseph Dutton, aliyeichunguza homa hii nchini Kongo, ilimuua huko Kasongo mwaka 1905.

Leo tiba ipo, nayo ni antibiotiki. Hatari iko katika kuchelewa. Homa hii hupoa siku kadhaa kisha hurejea, na kipimo cha haraka cha malaria hakiigundui. Vijidudu vyake huonekana kwa hadubini. Basi mwenye homa akiambiwa hana malaria, hasa mama mjamzito ambaye aweza kupoteza mimba, aombe damu yake itazamwe kwa hadubini, na aeleze kama hulala katika nyumba ya sakafu ya udongo. Papasi hujificha katika nyufa, huuma usiku. Tuzibe nyufa hizo, tulale vitandani.